Kufuli la Limi

Masikio ya Limi yalizimika Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa anakaanga vitumbua.

Nyamizi, mama yake, alijua kabla hajaambiwa. Alikuwa uani anafua ovaroli za kazini, akamwona binti yake kupitia dirisha la jiko: mkono umesimama hewani na kijiko, macho yamekodolea kikaango. Mafuta yalikuwa yanachemka na kurukaruka kama kawaida. Limi aliyatazama kama mtu anayetazama televisheni iliyokatwa sauti. Akazima jiko, akatoka nje, akagonga nyuma ya sikio lake kwa kidole mara mbili, akatikisa kichwa.

"Yote mawili?" Nyamizi aliuliza, akitamka polepole ili midomo isomeke.

"Yote," Limi alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nyamizi alijifuta povu mikononi, akapiga simu Sautika, kampuni iliyomwekea Limi masikio akiwa na miaka sita. Hakuwa na haja ya kutafuta namba. Ndani ya miaka tisa alikuwa ameipiga mara nyingi kuliko namba ya mama yake mzazi.

Aliyepokea alikuwa mwanamume mwenye sauti ya upole, kama wale wanaosoma matangazo ya vifo redioni.

"Pole sana, mama. Naona hapa kifaa cha mwanao ni kizazi cha pili. Huduma ya kizazi cha pili imefikia mwisho leo. Tulituma taarifa."

"Mlituma wapi?"

"Kwenye programu, mama. Kulikuwa na mlio wa kengele kila asubuhi, wiki nzima."

"Kengele. Kwa mtoto kiziwi."

"Tunapendekeza ahamie kizazi cha nne. Ni upasuaji mdogo tu."

"Daktari wenu mwenyewe aliandika kwamba mfupa wa mwanangu haufunguliwi mara ya pili. Barua ninayo hapa. Nikusomee?"

"Pole sana, mama."

"Usinipe pole, hapa hakuna msiba. Kifaa kizima, betri nzima, mtoto mzima. Nyie ndio mmezima mtambo wenu. Uwasheni."

"Mtambo haupo tena. Umeshafunguliwa, vipuri vimegawanywa."

"Basi nitaweka wa kwangu."

Akamsikia akicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefundishwa kutocheka kazini. "Mama, ile ilikuwa mashine ya kituo kizima. Si kitu cha kuweka nyumbani."

Nyamizi alikata simu. Hakuwa mtu wa kupigia watu kelele kwenye simu. Kelele zake aliziweka kwa ajili ya wale aliowaona usoni.

Vitumbua vilikuwa vimeungua upande mmoja. Wakala hivyo hivyo, kimya, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa kimya cha meza ile kilikuwa cha Limi peke yake.

*

Kile ambacho Sautika haikupenda kukitaja kwenye mabango yake ni kwamba yale masikio hayakuwa na akili. Kilichokaa nyuma ya sikio la Limi kilikuwa kigamba kidogo kama punje ya harage, kinachokusanya sauti na kuirusha hewani kwa redio. Kazi yote ya kutenganisha neno na vumbi la kelele ilifanywa na mtambo wa kampuni, mamia ya kilomita kutoka Tabora, kisha mapigo ya umeme yakarudi kwenye mshipa wa kichwani kabla mtu hajapepesa jicho. Ukizima mtambo, kigamba ni pambo.

Lakini mtambo ulikuwa ukifanya kazi kwa ajili ya maelfu ya watoto. Nyamizi alikuwa na mmoja.

Alikuwa na stashahada ya umeme na miaka kumi na minane kwenye karakana ya reli, akitengeneza mitambo ya ishara inayoziambia treni za mizigo zisizo na dereva wapi zisimame na wapi zipite. Kompyuta aliipata hukohuko: ilikuwa imeng'olewa kwenye ofisi ya zamani ya tiketi na kupewa yeyote mwenye nguvu ya kuibeba. Programu yenyewe ya kuchakata sauti ilikuwa imeshachomolewa na wazazi wengine waliotupwa kama yeye, ikawekwa hadharani, yenye makosa ya tahajia na maelezo ya hasira. Nyamizi aliwapenda watu wale bila kuwajua.

Aliiweka kompyuta hiyo, seva yake mpya, kwenye stoo ya jikoni, chini ya rafu ya unga, kwa kuwa ndipo palipokuwa na soketi nzuri na hewa ya kutosha. Alichomeka kipokezi cha redio alichokitoa kwenye kisanduku cha zamani cha Sautika. Akawasha. Skrini ikamwandikia: *Kifaa hakitambuliki.*

"Nitakutambulisha," alisema.

Shida ilikuwa kiendeshi, ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta jinsi ya kuongea na kifaa kilichochomekwa. Kiendeshi cha Sautika kilikuwa na miaka tisa, kimepigwa muhuri wa kampuni, na mfumo mpya wa kompyuta uliuona muhuri ule kama askari anavyoona kitambulisho kilichoisha muda. Nyamizi alijaribu kuuambia mfumo usiukague. Ukakataa. Akajaribu kiendeshi alichokitunga mzazi mmoja. Kilifanya kazi kwa sikio la kushoto tu, na sauti ikawa inatoka nyuma mbele. Mwishowe akaufuta mfumo wote, akaweka toleo la zamani, la umri uleule wa kiendeshi. Vikapatana siku hiyohiyo, kama wazee wawili wa jeshi moja.

Limi, aliyekuwa amekaa kwenye gunia la mchele na vigamba vyake amevivaa, akashtuka, akaweka kiganja shavuni.

"Friji inanguruma," alisema.

Nyamizi hakulia. Alichukua daftari, akaandika saa. Ilikuwa vizuri, maana baada ya dakika kumi na moja Limi alisema, "Imekatika."

Ikawa hivyo kila walipoiwasha. Dakika kumi na moja, halafu kimya. Alibadilisha waya, antena, na soketi. Alimfokea Limi kwa kusogea, halafu akamfokea kwa kutosogea. Siku ya nne ndipo alipokaa chini akasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, jambo ambalo angemwamuru fundi yeyote wa chini yake alifanye siku ya kwanza.

Kiendeshi kilikuwa kimeamka katika hali ya ukaguzi. Hali hiyo ilikuwa ya kiwandani: kila sauti inayopita kinaitolea nakala ya pili, ili mkaguzi aisikilize na kuipima. Bila mkaguzi, nakala zilikuwa zinajaa ndani ya kiendeshi kama maji kwenye tangi lisilo na bomba la kutokea, mpaka kinakabwa na kusimama. Hali ya kawaida isingewaka bila ruhusa ya mtambo, na mtambo ulikuwa umeshagawanywa vipuri. Kwa hiyo nakala ilikuwa lazima itolewe. Swali lilikuwa itolewe kwenda wapi.

Nyamizi aliifungulia njia, akavaa visikilizio ili kuhakikisha kwamba inatoka. Akasikia jiko lake mwenyewe, kutoka ndani ya kichwa cha binti yake. Akasikia friji, jogoo wa jirani, na mwanamke mkali akisema, "Tulia hapo, usiguse kitu."

Ilimchukua muda kuijua sauti hiyo kuwa ni yake. Ilikuwa kama tupa inayokwaruza chuma.

"Vipi?" Limi aliuliza.

"Kuna nakala ya sauti inajaa ndani. Nitaimwaga."

Na kweli alijua jinsi ya kuimwaga. Ulikuwa mstari mmoja, unaoielekeza nakala mahali pasipo mahali. Aliuandika, akaujaribu, seva ikaenda saa nzima bila kukwama. Kisha akaweka alama mbele yake ili usifanye kazi kwanza, nakala iendelee kutokea visikilizioni. Akajiambia kwamba bado anahitaji kupima. Sauti ya darasani ni tofauti na ya jikoni, sauti ya njiani tofauti na zote mbili, na fundi hapimi kwa kubahatisha.

*

Kilichobaki kilikuwa kuifikia seva kutoka mbali. Limi alipokwenda shule, simu iliyokuwa mkobani mwake ilipeleka sauti nyumbani kupitia njia iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, na kurudisha mapigo. Nyamizi naye alijitengenezea njia yake kutoka kazini, kwa sababu kiendeshi kile hakikuwa cha kuaminika, na kikikwama ilibidi mtu akiamshe. Alikiamsha mara tatu wiki ya kwanza, huku ameshika bisibisi kwa mkono mwingine. Mara zote tatu Limi alikosa sentensi moja ya mwalimu, hakukosa zaidi. Alirudi nyumbani akiimba. Aliimba vibaya sana, na Nyamizi akamwacha aimbe.

Wiki ya kwanza alisikiliza ili kupima.

Wiki ya pili hakukuwa na cha kupima. Alisikiliza kwa sikio moja, kisikilizio kikiwa chini ya kofia ngumu, na hakuna aliyejua. Alijua sasa kwamba mwalimu wa jiografia anakohoa kabla ya kila swali. Alijua kwamba Limi anasema uongo mdogo kuhusu chakula cha mchana, na kwamba ana rafiki anayeitwa Winfrida, mwenye maneno makali na kicheko cha puani. Alijua mambo mengine ambayo mama hujua kwa kuambiwa, au hayajui. Kila jioni alikusudia kuufungua ule mstari. Kila asubuhi alikuta kuna sababu.

Wiki ya tano, Alhamisi, Nyamizi alikuwa kwenye matengenezo ya kabati la ishara la njia ya tatu. Saa nne akaenda kunywa chai, akaacha kufuli lake kwenye swichi.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja isiyokuwa na mjadala. Fundi anayeingiza mikono kwenye mtambo anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake jekundu lenye jina lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Ufunguo wa akiba haupo. Mkuu wa karakana hana, mkurugenzi hana. Kufuli litatolewa na aliyelitundika, hata akiwa amekwenda nyumbani kwake kula, hata treni ikisubiri. Wote walimkumbuka Kabula, aliyeungua mikono yote miwili kwa sababu mtu fulani alikuwa na hakika kwamba ameshamaliza kazi.

Nyamizi alikuwa ameshika kikombe aliposikia sauti ya Winfrida sikioni, kutoka shuleni.

"Na hiyo mashine ya jikoni kwenu ikifa kabisa?"

"Nitalala," Limi alisema. "Nitalala vizuri sana."

"Muongo wewe."

"Kweli. Nayapenda, lakini siku nyingine kelele zinanichosha mpaka meno yanauma. Nikiyavua, mama anauliza kama yameharibika. Anakuja na daftari. Hajaniuliza hata siku moja kama nataka. Anatengeneza tu. Ningekuwa redio ningeshapona."

Winfrida akacheka kwa pua. Limi akacheka pia.

Nyamizi alikitoa kisikilizio, akakitia mfukoni. Chai akaimwaga chini. Alirudi njia ya tatu akitembea kama mtu anayekwenda kukamata mwizi, na pale akamkuta fundi Malale ameinama kwenye kabati lake, mlango wazi, swichi imewashwa. Kufuli jekundu lilikuwa kwenye kokoto, shingo imekatwa kwa mkasi wa chuma.

"Malale."

"Mama Limi, samahani, kuna mabehewa arobaini yanasubiri kituoni Itigi, nikaona..."

"Kufuli ni la nani?"

"Ni lako, lakini nilikuona unakunywa chai. Nilijua hakuna mtu ndani."

"Ulijua. Uliniuliza?"

"Nilikuwa nataka kusaidia tu."

"Kufuli ni la nani, Malale?"

Karakana yote ilikuwa imeshageuka kutazama. Nyamizi alimfokea mtu mzima mwenye mke na watoto mpaka kofia yake mwenyewe ikateleza. Alimwambia kwamba nia njema haizimi umeme. Alimwambia kwamba hata kama angekuwa na hakika mara mia, hakika yake si ufunguo. Alimwambia aokote kile chuma, akitie mfukoni, atembee nacho mwezi mzima, ajue uzito wake. Malale aliokota. Na katika hasira yote ile, nusu yake aliijua mwenyewe kwamba si ya Malale, lakini hakuwa na pengine pa kuipeleka.

*

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Limi alikuwa mezani anakata mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, redio."

Kisu kiliendelea mara mbili, tatu. Kisha kikasimama.

"Umesema nini?"

"Nimesema marahaba."

"Umesema redio."

Nyamizi alivua viatu. Alivivua taratibu sana, kimoja kimoja.

"Tulikuwa wawili tu," Limi alisema, "nyuma ya maktaba. Winfrida simu yake imepasuka, hakuwa nayo. Hajui hata nyumba yetu iko wapi. Mwalimu hakuwepo." Alikuwa anaondoa kimoja baada ya kingine, kama mama yake anavyotafuta hitilafu kwenye waya. "Imebaki seva."

Nyamizi angeweza kudanganya. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo," alisema. "Ni seva."

"Tangu lini?"

"Ilikuwa lazima nipime."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ilipowaka."

"Kila siku?"

"Si kila siku."

"Mama."

"Kila siku ya kazi."

Limi alikiweka kisu mezani. "Uliniambia nakala zinamwagwa."

"Zinaweza kumwagwa. Ni mstari mmoja."

"Umeuandika?"

"Nimeuandika. Nimeuzuia."

"Ile siku nililia chooni. Ulikuwepo?"

Nyamizi aliinamia viatu vyake, akavipanga sambamba ukutani. Uso wa Limi ulibadilika, ukawa wa mtu anayerudi nyuma siku baada ya siku, akikuta kwenye kila moja mama yake amekaa kwenye kona.

"Usinitazame hivyo," Nyamizi alisema. "Nimepiga magoti chini ya ile rafu mpaka ngozi imetoka. Sautika wamekusikiliza miaka tisa, wageni, hata majina yao hatuyajui. Hao hukuwahi kuwagombeza."

"Hao hawanijui. Wewe unanijua."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana ni mbaya zaidi. Kichwa ni cha nani, mama?"

Aliliuliza swali hilo bila kupaza sauti, akiliweka kila neno mahali pake, na Nyamizi akaitambua namna ile ya kuuliza. Asubuhi hiyohiyo ilikuwa imetoka kwenye kinywa chake, mbele ya karakana nzima.

Hakuipenda. Ilimzidishia hasira, kama mtu anayesukumiwa kioo usoni.

"Bila mimi hicho kichwa kingekuwa kimya mpaka leo," alisema, na hapohapo akatamani kulirudisha neno hilo.

Limi aliinua mikono yote miwili, akavua vigamba, akaviweka mezani kando ya mchicha.

"Haya," alisema, kwa ile sauti kubwa isiyojisikia. "Sasa ongea."

Akachukua kisu, akaendelea kukata. Nyamizi aliongea. Alisema yote, kuhusu Sautika, kuhusu treni, kuhusu uchovu, kuhusu watoto wasio na shukrani. Mchicha ukakatwa mpaka mwisho, na hakuna neno hata moja lililofika popote.

*

Usiku ule na kesho yake Limi hakuyavaa masikio. Ijumaa alikwenda shule hivyohivyo, akarudi salama.

Jumamosi asubuhi Nyamizi alimgusa bega, akamwonyesha stoo. Seva ilikuwa imehamishiwa ndani ya sanduku la wavu wa chuma, lile alilokuwa akiwekea vifaa vyake vya kazi. Juu yake kulikuwa na kufuli jekundu jipya, na kwenye kufuli karatasi ya gundi yenye jina: LIMI.

Limi aliliangalia muda mrefu. Alikwenda chumbani, akarudi amevaa vigamba.

"Huu ndio mstari," Nyamizi alisema. "Hii ndiyo alama inayouzuia. Ifute wewe."

Limi aliifuta.

"Alama uliyoiweka wewe unaweza kuirudisha wewe," alisema.

"Ndiyo. Kwa hiyo tunaendelea."

Alimwonyesha jinsi ya kutengeneza ufunguo wa siri kwenye simu yake mwenyewe, na kuuandikisha kwenye seva. Kisha akamwonyesha ufunguo wa pili kwenye orodha, uliokuwa na jina la Nyamizi, na kitufe cha kuufuta. Limi alimtazama kwanza usoni. Akabonyeza.

"Nikiwa kazini, nitaona taa tu," Nyamizi alisema. "Kijani inafanya kazi, nyekundu imekwama. Basi. Sitasikia, sitaingia. Ikikwama nitabisha hodi, simu yako itatetemeka. Ukinifungulia, nitaingia, nitatengeneza, nitatoka, na wewe utafunga."

"Nisipokufungulia?"

Swali hilo ndilo lililomfanya akeshe. Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya Malale.

"Unavuka reli mara mbili kwa siku," alisema. "Yale mabehewa hayana dereva, hayana kishindo. Yana honi tu."

"Nina macho. Na kuna geti."

"Geti linaharibika. Mimi ndiye ninayelitengeneza, najua."

"Basi litengeneze."

Nyamizi alifungua mdomo, akaufunga. Akampa binti yake ufunguo wa kufuli.

"Akiba uko wapi?" Limi aliuliza.

"Hakuna akiba. Ndivyo makufuli haya yalivyo."

Limi aliufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni. "Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Na mimi nina hasira na wewe. Nenda kakande unga."

*

Taa kwenye simu ya Nyamizi ilikaa kijani siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, saa nne na nusu asubuhi, ikawa nyekundu.

Nyamizi alikuwa kwenye geti la barabara, lile ambalo Limi hupita, akibadilisha mota yake. Hakuna aliyemtuma, alikuwa ameliweka mwenyewe kwenye ratiba kwa wino. Alivua glavu, akabonyeza hodi.

Kimya.

Alingoja dakika tano, akabisha tena. Kimya. Akamwona Limi barabarani, akamwona chini ya ngazi, akamwona ameanguka, akamwona kila mahali. Malale, aliyekuwa anashikilia mota upande wa pili, alimtazama.

"Kuna nini, Mama Limi?"

"Hakuna."

Njia ya nyuma ilikuwepo. Ni yeye aliyeujenga mfumo ule kwa mikono yake, na alijua mahali pa kuubana mpaka ufunguke. Zingetosha dakika mbili. Angeamsha kiendeshi, angetoka, Limi asingejua kamwe. Na ingekuwa kwa nia njema. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye skrini.

Kwenye mfuko wa ovaroli ya Malale kitu kiligonga chuma. Lilikuwa lile kufuli lililokatwa. Mwezi wake ulikuwa haujaisha, na alikuwa amelibeba kila siku bila kukumbushwa.

Nyamizi aliigeuza simu kifudifudi juu ya sanduku la vifaa.

Ilitetemeka saa tano kasoro kumi. *Nimeona hodi. Tuko kwenye mtihani, kumetulia vizuri. Nitakufungulia saa sita.*

Aliisoma mara mbili. Alikuwa na maneno kadhaa ya kumjibu, hakuna hata moja la kuandikika. Akaandika: *Sawa.*

"Shika vizuri hiyo mota," alimwambia Malale. "Umeishika kama mtoto wa jirani."

"Nimeishika, mama."

"Hujaishika."

Saa sita ikafika. Taa ilikuwa nyekundu. Saa sita na dakika nne, nyekundu. Nyamizi aliitukana taa, akawatukana Sautika, akautukana mtihani na aliyeutunga, yote chinichini, huku akikaza boliti ya mwisho. Alilijaribu geti. Lilishuka, likapanda, likashuka, bila kukwama.

Saa sita na dakika saba simu ikatetemeka. Kwenye skrini kulikuwa na neno moja.

*Karibu.*

Nyamizi alikwenda kwenye bomba, akanawa grisi mikononi mpaka kwenye viwiko, akajifuta. Kisha akaingia.